Gauni la Misa ya Shukrani

Ukiona bibi arusi wa hapa Butembo amefika mbele ya padri na tumbo lake la mimba, na padri hakushtuka, ujue amepita kwa fundi Kavugho. Mimi nauza vifungo na nyuzi kando ya mashine yake, kwa hiyo usinibishie. Anapandisha kiuno mpaka chini ya kifua, anaachia marinda, halafu anaweka mikono ya puto ili macho ya watu yabaki mabegani. Siri ya mtungi aijuaye kata. Mimi mdomo uliniwasha mara nyingi, lakini yeye hakumtaja bibi arusi hata mmoja.

Binti yake Bénite alipomaliza sekondari alikwenda upande wa Beni, kumsaidia shangazi yake kuvuna kakao. Watu wenye silaha wakavamia shamba, wakaondoka naye porini. Zaidi ya mwaka hatukusikia lolote. Kavugho aliendelea kushona, ila siku moja aliliwekea koti la mteja mikono nje ndani, tukafumua pamoja. Watu walipita wakimwambia avumilie. Nililichukia neno hilo, kana kwamba alikuwa na jambo lingine la kufanya!

Kisha Bénite akarudi. Askari walimkuta barabarani na mateka wenzake, amekonda, miguu imevimba. Wiki hiyohiyo mashangazi, wale anaowaita batantine, wakachagua pagne moja, kitenge cha kushonea familia nzima, kwa ajili ya misa ya shukrani, kama ilivyo desturi yetu: blauzi ya libaya na maputa ya kujifunga kiunoni kwa akina mama, shemizi za vifungo kwa wanaume, gauni kwa Bénite.

Kavugho akachukua futi ya kupimia, akaipitisha nyuma ya mgongo wa binti yake. Mikono ilipokutana mbele, ikasimama. Namba hakuisoma.

"Mama, ulishaona?" Bénite akauliza.

"Nilishaona."

"Baba hapana ajue. Batantine pia. Unishonee yenye itaficha."

Nikainama chini ya meza, eti natafuta kifungo. Kavugho alikuwa na pini midomoni. Akazitoa moja moja, akaziweka mezani. Alichukua mkasi akaanza kukata.

Sijawahi kumwona akishona vizuri vile, na sijawahi kuichukia kazi nzuri namna ile. Marinda yalianguka kama maji. Hata mimi niliyejua, nilitazama nisione kitu.

Jumapili, kwenye mlango wa kanisa, mashangazi walipiga vigelegele na kumzungusha Bénite. "Mumutazame! Amerudia vile alienda! Hapana kitu balimufanya, Mungu ni mukubwa!" Baba yake, Kitsa, ambaye tangu msiba ule alikuwa akisalimia kwa kichwa tu, alicheza mbele ya watu wote mpaka shemizi yake mpya ikalowa mgongoni. Bénite alicheka, akapiga makofi naye.

Ndani nilikaa nyuma yao. Bénite akamwinamia mama yake.

"Mama, banafurahi hivi. Sasa nitabaambia je?"

Kavugho akamnyoosha kola, na kola ilikuwa imenyooka. Akainyoosha tena. Padri akatuambia tusimame tuimbe, tukasimama.