Sekunde Moja Iliyozidi

Mume wangu alikuwa fundi wa maabara kwa miaka ishirini na sita. Alipima muda ambao chembe ya unga wa makaa hukaa ndani ya tanuri refu la chuma, lenye moto na gesi iliyoshindiliwa, kabla ya kugeuka gesi na kutoka chini. "Kaka yangu analipwa kutazama vumbi likianguka," wifi alikuwa akimtania. Jibu la vipimo vyake lilikuwa sekunde tatu, na watafiti wote wa pale walilitumia bila kuuliza.

Mwezi uliopita alikuja msichana ambaye mume wangu alimfundisha kazi, na sasa ndiye mkuu wa maabara. Chai hakuigusa.

"Mama, tumepima upya. Ni sekunde mbili."

Mume wangu alitumia taa mbili: ya juu ilinasa chembe ikiingia, ya chini ikitoka. Kumbe taa ya juu ilifungwa kwenye mrija wa kulishia unga, nje ya moto. Sekunde nzima ilipotelea kwenye mrija wa baridi, naye akaihesabu.

"Umekuja kumchafua marehemu kwa sekunde moja?"

"Kwa chembe ile ni theluthi ya muda wote, Mama. Ripoti zetu zote zimesimama hapo. Hakuacha daftari nyumbani?"

"Hakuacha," nikasema. Nimefundisha shule miaka thelathini. Huo ulikuwa uongo.

Alipoondoka nililitoa daftari kabatini, chini ya suti yake. Ukurasa wa arobaini na moja, kwa mwandiko wake mzuri: "Taa ya juu iko nje ya moto. Sekunde moja imezidi. Niseme?" Kurasa zilizofuata, miaka tisa, ni sekunde tatu, sekunde tatu.

Wifi aliposoma alishika kichwa. "Chana, wifi yangu! Watoto wanatumia jina lake."

Nilikwisha kuushika ukurasa kwa vidole viwili. Nikakumbuka wanafunzi niliowaadhibu kwa kuchana madaftari ili nisione makosa yao. Nikauachia, nikapiga simu.

Msichana alisoma akiwa amesimama mlangoni.

"Utaandika kwamba yeye ndiye aliyeligundua kosa hilo kwanza," nikamwambia.

Akalifunga daftari. "Na kwamba alinyamaza, Mama?"

Wifi alinitazama kama mtu anayesubiri kupigwa.

"Andika na hilo," nikasema. "Lakini litangulie lile la kwanza."