Ikupa na ukoo wa Sir Godfrey

Saa mbili asubuhi, ghorofa ya pili ya jengo la matofali mekundu, Columbia Heights, jimboni Minnesota. Ikupa Mwaipopo anapoza uji wa shayiri, anauonja kwa ncha ya kijiko, kisha anampa Bibi Dinah Maldane bakuli mkononi. Bibi anameza kijiko kimoja na kuuliza swali analouliza kila asubuhi.

"Filamu imefika?"

"Bado, Bibi. Kula kwanza."

"Nikifa kabla haijafika, utamsomea nani?"

"Nitamsomea Margaret."

Bibi anacheka hadi uji unamwagikia shali. Margaret ni binti yake, anaishi Woodbury, na amechoka kabisa na habari za Sir Godfrey.

Ikupa, mwenyeji wa Rungwe, ana miaka arobaini na sita na kazi yake ni kuhudumia wazee majumbani. Hulipwa dola nane kwa saa kumwogesha, kumpikia na kumpa dawa bibi huyu mwenye miaka themanini na minane. Kazi ya pili hailipwi. Anamtafutia ukoo wa Sir Godfrey Maldane, mmoja wa wale askari wa farasi wa Uingereza ya kale waliovaa mavazi ya chuma na kupewa cheo na mfalme. Alifariki mwaka 1361.

Habari yenyewe ilianza mwaka 1927. Dinah, wakati huo msichana wa miaka kumi na tisa, alipelekwa na baba yake Uingereza, katika kanisa la kijiji kiitwacho Aldersby. Humo wakaona sanamu ya mawe ya mtu aliyelala chali, pua imevunjika, miguu yake imekanyaga mbwa mdogo.

"Baba akaniambia, huyu ni wetu," anasema Bibi Dinah. "Akafa bila kuthibitisha."

Dinah akaichukua kazi hiyo. Kwa miaka thelathini alirudi nyuma kizazi kwa kizazi, kutoka Minnesota hadi meli iliyowavusha bahari wazee wake, kutoka meli hiyo hadi mashamba ya Lincoln, Uingereza, mpaka akamfikia Robert Maldane, aliyeishi zaidi ya miaka mia sita iliyopita. Ilibaki hatua moja tu, kujua kama Robert alikuwa mtoto wa Sir Godfrey. Hapo macho yake yakaisha nguvu.

"Mwanzoni nilidhani hamu hiyo ni uzee tu," anakumbuka Ikupa. "Halafu nikajiuliza, kumbe na wazungu wanahangaika kumjua babu wa babu? Nilidhani ni sisi tu. Nikatamani kujua mwisho wake."

Akaanza kutumia Jumamosi zake katika maktaba ya kanisa moja ambako kumbukumbu za koo husomwa kwenye mashine, filamu, yaani picha ndogo za kurasa za kale, zikiagizwa kutoka mbali na kusubiriwa kwa wiki kadhaa. Mumewe, Ambakisye, mhasibu aliyekuja kusoma chuo akabaki, hakufurahia.

"Mama Pamela, huyo mtu wa chuma amekula hata Jumamosi zetu," alimwambia. "Angalau angekuwa Mnyakyusa."

Mwaka jana, 1995, Ikupa akapata alichokuwa akikitafuta. Zamani hizo mwenye ardhi akifa, watumishi wa mfalme walikuwa wakiulizia mrithi wake ni nani na kuandika jibu. Jibu la Sir Godfrey lilikuwa hili: mrithi ni Robert, mwenye miaka kumi na mitatu, mwana wa marehemu John, mdogo wake Sir Godfrey, aliyekufa kwa tauni Robert akiwa mchanga.

Ikupa alirudi mbio. "Bibi, tumempata. Robert ni mtoto wa Sir Godfrey."

Bibi Dinah alilia. Wakachora mstari kwa wino kwenye karatasi kubwa ya ukoo, na karatasi ikapelekwa Maple Grove, kwenye ukumbi ambako akina Maldane walikutana kwa sikukuu ya Shukrani, mwezi Novemba. Binamu mmoja, Alice, mwanasheria mstaafu, akaomba kuona nakala ya ukurasa wenyewe. Ikupa akaitoa mkobani kwa furaha. Alice akaisoma kwa sauti, akafika kwenye jina la John, akalisoma mara ya pili. Ukumbi mzima ukaelewa kwamba Bibi Dinah hakuwa uzao wa Sir Godfrey.

Margaret alimfuata Ikupa penye makoti. "Mama amengoja karibu miaka sabini. Hukuweza kusoma mstari hadi mwisho?"

"Nilisoma hadi mwisho, dada," Ikupa alimjibu. "Ndiyo maana nilifurahi."

Kwa siku mbili Bibi Dinah hakumsemesha. Nyumbani, Ikupa alimwambia mumewe kazi imekwisha. Asubuhi ya tatu bibi akasukuma bakuli kando, akasema neno moja: "Nieleze."

Ikupa akamweleza. Baba yake mzazi alifariki yeye akiwa hajaanza shule. Mdogo wa baba, Mzee Anyandwile, akamchukua, akamsomesha kwa kahawa yake, akapokea mahari yake. Shuleni jina la mzee huyo ndilo lililoandikwa mahali pa baba.

"Kwetu mtoto wa ndugu yako ni wako," anasema Ikupa. "Mtu akikuuliza kama huyo ni baba wa kweli, amekutukana. Mimi niliposoma yule John amekufa na mtoto mchanga, nikajua mara moja Robert ni wa nani. Haikunijia akilini kwamba kuna namna nyingine."

Bibi Dinah hakuridhika. "Wewe ulilelewa. Huyu huenda alirithi shamba tu. Ukurasa hausemi."

"Kweli, hausemi," Ikupa akakubali. Akafikiri kidogo. "Ile sanamu, Bibi, aliiweka nani? Kwetu kumjengea mtu kaburi ni kazi ya mtoto."

Bibi Dinah hakujua. Katika miaka yote thelathini hakuwahi kujiuliza. Mchana uleule wakaagiza filamu ya wosia za Aldersby, huenda mmoja unamtaja aliyelipia sanamu, na hiyo ndiyo inayosubiriwa sasa. Karatasi ya ukoo imechorwa upya na kuwekwa ukutani, mstari wa John kwa wino, wa Sir Godfrey kwa penseli.

Margaret haoni faida yake. "Hata ikiwa Robert ndiye aliyelipia, damu haibadiliki, Mama."

"Damu nimeshaijua," mama yake alimjibu. "Sasa nataka kujua walivyoishi."

Na Ikupa ana safari yake. Desemba ataenda Rungwe. Kaburi la Mzee Anyandwile bado ni udongo na mawe ya pembeni, na watoto wa kuzaliwa wa mzee wamemsubiri aje kuweka tofali la kwanza, kwa kuwa yeye ndiye mkubwa wao. Ameshachagua maneno ya kuandika, na jina lake mwenyewe litatangulia katika orodha ya watoto.

"Sitaki mtu aje baada ya miaka mia sita aanze kubabaika," anasema akikusanya vyombo.

"Utamwekea mbwa miguuni?" Bibi Dinah anauliza.

"Hakuwa na mbwa, Bibi. Alikuwa na ng'ombe."

"Basi mwekee ng'ombe."

Ikupa anasimama na bakuli mkononi. Hilo, anasema, atamuuliza fundi.