Ufizi wa Chini

Katika matanga ya Edouard Chola, mwaka 1958, kila aliyesimama alisifu mkono wake, na hawakukosea. Karibu miaka thelathini aling'oa meno ya wafanyakazi katika hospitali moja ya Élisabethville. Daktari wa kizungu alitia sahihi, Chola akatia koleo, na alipostaafu karatasi zikamwita msaidizi. Alisomesha watoto watano, alivaa tai hata kwenda kununua makaa, na hakumpiga mkewe hata siku moja. Mkewe, Victorine, aliyasikiliza yote akiwa mkekani. Watano, walisema. Yeye alizaa sita.

Wa kwanza aliitwa Kunda. Alipofikisha miezi saba, Victorine aliona ufizi wake wa juu umekuwa mweupe, na wa chini hauna kitu. Kila jirani alijua maana yake: kigego, mtoto anayetanguliza meno ya juu, huleta vifo, na ukoo haumlei. Akampeleka kwa mumewe.

“Tata, umupasule kidogo hapa chini, jino ya chini itokee mbele. Bantu basione.”

Chola akacheka. “Miye niko muntu ya lopitalo. Ile ni mambo ya basenji.”

Alisema kweli, na kweli yake haikumsaidia mtu. Akaenda zake kazini. Victorine akatuma habari kwa mama yake, kijijini Lukafu. Mama akaja, na Victorine akamkabidhi Kunda kwa mikono yake mwenyewe, pamoja na kitambaa cha kumbebea. Baada ya wiki mbili mama alikirudisha kitambaa, kimefuliwa.

“Homa,” alisema.

Chola hakuuliza swali la pili. Hakumlaumu mkewe, heri angempiga. Jina la Kunda halikutajwa tena nyumbani mwao. Ila Jumapili iliyofuata, baada ya misa, alimpokea kichanga cha jirani uani, akampasua ufizi wa chini kwa kisu kidogo cha kazi. Tangu hapo kina mama walimjia kwa siri, wengine kutoka Naviundu kwa miguu, na hakumrudisha hata mmoja. Mganga hajigangi, waombolezaji walisema wakitikisa vichwa, bila kujua wamegusa wapi.

Siku ya tatu ya matanga akaingia mama kijana na mtoto mgongoni.

“Natafuta Tata wa meno.”

Mtoto akapiga mwayo, na Victorine akauona ule weupe, juu.

“Tata alikufa, mama.”

“Sasa nifanye namna gani? Mama ya bwana yangu iko pa mulango. Anasema atamupeleka kwabo.”

Victorine aliinuka. Kisu alijua kiko wapi: kaburini, mfukoni mwa koti la marehemu. Alikitia yeye, kwa heshima.

“Usimupe,” alisema. “Miye nilimupa wangu. Kunda, jina yake. Usimupe!”

Yule mama kijana alimtazama bibi huyu aliyevurugwa akili na msiba, akampa pole, akatoka. Victorine akabaki amesimama. Pale mlangoni mama mkwe alikuwa amekwisha kunyoosha mikono, na yule mama kijana alikuwa akifungua fundo la kitambaa.