Ndama wa Uso Mweupe

Harufu ya masizi yaliyochanganywa na mafuta ya kondoo hainitoki puani hadi leo. Nikiinusa tu, nauona ukungu wa Njoro, na Baba amepiga magoti zizini, anampaka ndama usoni kwa kiganja.

Niwaeleze. Sisi maskwota, vibarua tulioishi kwenye shamba la mzungu, tulikubaliwa kufuga ng'ombe wa kienyeji, lakini wasimkaribie fahali wa mwenye shamba, mzungu tuliyemwita Bwana Kipara. Fahali huyo alikuwa mwekundu, uso mweupe, ameletwa kwa meli. Ukipatikana na mbegu yake, unafukuzwa shambani. Sasa ng'ombe wetu mweusi alikuwa amezaa ndama mwenye uso mweupe kama maziwa.

Mama, naye akiwa mjamzito, alishikilia kwamba ng'ombe alimtazama sana yule fahali ng'ambo ya seng'enge. "Ukiwa mzito, unachotazama kinaingia tumboni." Tuliamini. Ng'ombe angetoka vipi? Miezi ile ya kushika mimba alikuwa amefungwa kamba nyuma ya nyumba, ukwato umeoza.

Asubuhi nyapara akaja kukagua. Nitamtaja: Josia mwana wa Zakayo. Ndama tulikuwa tumemficha gizani, mweusi tii. Mara tukasikia ulimi, kwaru, kwaru. Mamake alikuwa akimlamba. Ng'ombe gani atamwacha mtoto wake mchafu? Ndama alipochungulia mlangoni, paji lilikuwa jeupe.

"Eliya," Josia akamcheka Baba, "siku hizi ndama anaoga masizi?"

"Ng'ombe alimtazama tu, bwana nyapara. Kutazama tu."

"Ala! Macho yanapanda ng'ombe! Kamwambie Bwana hivyo, acheke kidogo."

Bwana Kipara hakucheka. Kabla jua halijasimama utosini, nyumba yetu ilikuwa inawaka.

Kwa miaka mingi nilimchukia yule ng'ombe na ulimi wake. Halafu, nikiwa na boma langu, daktari wa mifugo akaniambia kila mtoto huchukua nusu kwa mama na nusu kwa baba, na macho hayaongezi kitu. Uso mweupe wa aina ile, akasema, ukitoka kwa mzazi mmoja tu unatosha.

Nikaketi chini. Basi fahali ndiye aliyekuja kwetu. Na ufunguo wa boma la fahali aliuvaa nani shingoni? Josia. Aliacha lango wazi, akatuuza sisi kabla hajaulizwa yeye. Alijua wakati anacheka.

Mama alikufa bila kuyajua haya. Siku ile alitembea hadi Kuresoi shingo imekaza, hakugeuka hata mara moja, asije akazaa mtoto mwenye moto usoni. Ndugu yangu alizaliwa huko juu chini ya turubai, kwenye baridi ile ya nyanda za viazi. Uso wake ulikuwa safi, wa Baba mtupu, pua na kidevu. Mama alimwonyesha kila mtu, akijisifu kwamba hakutazama nyuma. Tulimzika mtoto huyo kabla hajaota jino.