Mmea Ulioitwa Makena

Nilipokuwa mtoto nilishiriki jina na nyanya yangu mzaa baba, na kwa sababu hiyo nusura nipoteze ua nililolipenda kuliko chochote. Yeye aliitwa Karimi, na mimi nikapewa Karimi, kama desturi yetu huku Meru inavyotaka. Majirani wakiita tulikuwa tunaitika wote wawili, yeye kutoka jikoni kwake, mimi kutoka popote nilipokuwa.

Baba alifanya kazi ya kutunza bustani katika nyumba ya wageni mjini. Jioni moja alirudi na vijiti vilivyokatwa kwenye mmea unaotambaa, akataka kuvitumia kushikilia nyanya za mama shambani. Nilimwomba kimoja nikakichomeka kando ya mlango wetu, nikakimwagilia maji yaliyosalia ya kuoshea vyombo. Kilishika. Kikatoa majani ya ajabu, makavu na yenye kukwaruza kama ulimi wa ng'ombe. Niliyatumia kusugulia visigino, na siku mama alipokosa steelwool nikasugua sufuria kwa hayo hayo, ikang'aa.

Cucu, ndivyo nilivyomwita nyanya yangu, alilitazama jani moja kwa muda mrefu, akaligeuza huku na huku.

"Huu unaitwaje?"

"Sijui, Cucu."

"Baba yako je?"

"Naye hajui. Anasema waliukuta pale."

Aliliacha jani likaanguka. Akaniambia, kwa Kimeru na kwa sauti ya chini, kwamba mmea usio na jina haupandwi mlangoni. Utasikia watu wa nyumba wakiitwa mchana kutwa, nao utatamani kuitwa. Mwishowe utachukua jina la mtu, na mtu huyo ataanza kudhoofika.

"Na katika nyumba hii," akasema, "jina linaloitwa sana ni letu."

Nililia sana hata akanipa muda. Nikilipata jina lake, mmea utabaki. Nisipolipata, ataung'oa.

Kwa hiyo Jumamosi ile mimi na Cucu tulipopeleka nduma sokoni Gakoromone nilibeba kitawi ndani ya kikapu. Mama mmoja aliyeuza miche alikiangalia haraka haraka. "Hii ni bogonvilia, mtoto."

Cucu akadakia, "Bogonvilia iko na miiba. Hii miiba iko wapi?"

Yule mama akacheka, akarudi kwa wateja wake. Tukaenda kwa Mzee Salim, mwenye bucha tulikokuwa tunanunua nyama ya sikukuu, kwa sababu alisifika kwa kutembea nchi nyingi. Alipitisha jani juu ya ubao wake wa kukatia, akafurahi.

"Huu ni msasa, Mama. Huko pwani maseremala wanalainisha mbao kwa majani yake."

Nilirukaruka njia nzima. Lakini Cucu hakuwa mtu wa kukubali jina kwa kuambiwa tu. Tulipofika nyumbani alisimama mbele ya mmea, mkoba bado begani, akauita kama anavyoita mtu aliye ng'ambo ya bonde: "Wewe Msasa!" Akasubiri. Kuku wakamwangalia. Mama alijificha nyuma ya mlango akicheka ndani ya leso.

"Haukuitika," Cucu akasema. "Isitoshe, msasa ni mti. Huu unatambaa."

Sikujua mtu husikiaje mmea ukiitika, na sikuthubutu kuuliza. Mwalimu wetu wa kilimo naye alisema hawezi kuutambua bila kuona ua, na ua halikuwapo. Wakati huo mmea ulikuwa umefika kwenye mabati.

Mvua za mwezi wa nne zilipoanza, nikashikwa na homa. Zahanatini walinipa dawa, nikalala siku mbili nikitetemeka. Siku ya tatu, asubuhi, nilisikia Cucu akinoa panga kwenye jiwe la mlangoni. Nilijua mara moja kazi ya panga lile. Nikatoka na blanketi langu, nikaukumbatia ule mmea na majani yake yakinikwaruza mashavu.

"Toka hapo, Karimi."

"Sitoki."

"Unamkumbatia mwizi wako!"

"Basi upe jina! Si uupe tu lingine, Cucu? Upe lisilo na mtu!"

Nakumbuka panga likishuka polepole mpaka likagusa ardhi. Mama alikuwa amesimama na kikombe cha uji mkononi, asijue amsaidie nani. Cucu aliniangalia, akaangalia mmea, kisha akaketi kwenye jiwe lake la kunolea.

"Lipo moja," akasema. "Nilipokuwa msichana, wenzangu wa rika waliniita Makena. Mwenye furaha. Nilikuwa nacheka mpaka ngoma inasimama. Nilipoolewa halikuitwa tena. Sasa halina mtu."

Mama akauliza kwa mshangao, "Wewe, Mama? Ulikuwa unacheka hivyo?"

"Sana," Cucu akasema, kwa uso mkavu kabisa.

Akainuka, akaweka kiganja juu ya shina. Hakupaza sauti safari hii. "Makena," akaita. Upepo ukapita, yale majani makavu yakasuguana yakatoa mlio mdogo. Cucu akageuka kwetu kama mtu aliyeshinda kesi. "Mmesikia? Umeitika!"

Jioni hiyo homa ilishuka, nikaomba chakula. Najua ni dawa. Hata wakati ule mama alisema ni dawa. Cucu hakubishana naye, aliniongezea tu ugali kwenye sahani yangu.

Mwaka wa tatu ndipo Makena alipochanua. Tuliamka tukakuta nyumba imevaa zambarau, vishada vikining'inia kutoka mabatini hadi kwenye dirisha. Kila ua lilikuwa nyota mbili, ya nje hafifu na ya ndani imekolea. Watu waliokuwa wakienda kanisani walisimama barabarani. Siku chache baadaye maua yalianza kuanguka yakizunguka hewani kama pia, na sisi watoto tukakimbia kuyadaka. Cucu alitoka kutukemea kwa kelele. Moja likatua kwenye kilemba chake. Alilichukua, akalirusha juu, akalitazama likishuka, akacheka. Kicheko kile sikuwahi kukisikia. Kilikuwa kikubwa, cha msichana, na kilitufanya tusimame wote tumtazame. Kisha akaokota konzi nzima akaturushia.

Siku hizi nafanya kazi ofisini Embu. Juzi juzi nilipiga picha ya ua kama lile kwa simu, na simu ikaniambia kwamba ni petrea, wa ukoo wa vabena, ndugu wa lantana iliyojaa kwenye nyua zetu za nyumbani. Nilimpigia Cucu kumweleza. Amezeeka sana, lakini masikio yake ni mazima.

"Petrea," akarudia. "Sawa. Hilo ni jina lake la shule."

Sijui kama kuna mmea unaotamani kuitwa. Ninachojua ni kwamba hadi asubuhi ile, kwangu nyanya yangu alikuwa amezaliwa akiwa mzee, na panga mkononi. Nilihitaji kuugua na kuwa mkaidi ndipo nikutane na msichana aliyekuwapo kabla yangu, kabla hata ya baba yangu. Sasa nikimtembelea mama yeyote mzee, kabla hatujafika kwenye habari za magoti na wajukuu, namuuliza wenzake walimwitaje alipokuwa msichana. Wengine hufikiri kidogo. Karibu wote hucheka kwanza, ndipo wanijibu.