Spoila ya Shufaa

Shufaa binti Adamu ni fundi cherehani wa Sokomatola, Mbeya, kwa miaka ambayo hapendi ihesabiwe. Wasichana aliowashonea sare za shule, siku hizi wanamletea mabinti zao. Ni mwanamke mfupi, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kununa, na futi yake haishuki shingoni hata akienda sokoni. Kwa cherehani yake hiyo alinunua gari, Premio nyeupe ya mtumba. Mumewe, Bwana Halfani, ni muuza mchele, na katika gari lile hakutia mkono wake. Wala hilo si aibu, maana mchele nao una misimu yake. Aibu ilikuja baadaye.

Ilikuja siku walipokwenda Iringa, Mlandege, kuwatembelea ndugu wa Halfani. Shufaa aliendesha tangu nyumbani, akaipita Makambako, akaipita Mafinga. Walipofika Ifunda, Iringa ikiwa inanukia, Halfani akashikwa na huruma ya ghafla.

"Mama Jaha, umechoka," akasema, akimwita kwa jina la kifungua mimba wao. "Hebu nikupokee."

Shufaa alidhani kapendwa, akampa usukani. Basi wakaingia Mlandege Bwana Halfani akiwa dereva, kiwiko dirishani. Kaka yake mkubwa, Faraji, akatoka mbio. "Mdogo wangu! Hongera kwa gari!"

"Alhamdulillahi," akajibu Halfani.

Neno zuri, neno la dini, na ukilitazama huoni uongo ndani yake. Ndiyo maana lilimchoma Shufaa kuliko uongo. Siku ile alikula pilau ya shemeji zake, lakini haikushuka.

Aliporudi Mbeya akawaza. Premio nyeupe mjini zimejaa tele, na kitu kisicho na alama kila mtu anaweza kukidai. Akawakumbuka vijana wanaofunga spoila, lile bawa la juu ya buti, mpaka ukilikuta gari Uyole unajua ni la fulani. Akaenda Mwanjelwa kwenye maduka ya spea za mtumba, akachagua spoila nyekundu kama pilipili. Mwenye duka akamwuliza kama ni ya kijana wake. Shufaa akajifanya hakusikia.

Kwenye gereji alimkuta fundi Aroni, kijana mwenye ovaroli iliyoliwa na oili. Aroni akaigeuza spoila huku na huku, akasema kwa adabu zote, "Mama, we mwambie tu mzee alete gari, tutaongea naye."

"Mzee gani?"

"Si mwenye gari?"

Shufaa aliichukua spoila yake, akajitwika kichwani, akaenda zake. Njia nzima alikuwa anasema peke yake. Kufika nyumbani akapitia kwa jirani yake Tumpe, ambaye mumewe hutengeneza milango, akaomba drili.

"Unataka kutoboa nini, mama?" akauliza Tumpe.

"Gari langu."

"Ndaga fijo!" Tumpe akashukuru kwa Kinyakyusa, kana kwamba yeye ndiye aliyepewa. "Mimi ningekuwa na gari, ningeandika jina langu mpaka kwenye matairi."

Shufaa hakujua kazi ya gereji, lakini kupima alijua. Aliosha buti, akalikausha, akalipima kwa futi na kuweka alama ya katikati kwa chaki. Kisha akailaza spoila juu ya karatasi ya kaki, akachora umbo lake na mahali pa bolti, akakata paterni kama anayekata mkono wa gauni. Akaibandika kwenye buti kwa tepu. Alikuwa anachomeka drili Halfani alipoingia uani.

"Mama Jaha! Unataka kutoboa gari?"

"Nataka."

"Nguo ukikosea unafumua. Bati utalifumuaje?"

"Wewe shika tochi unimulikie," akasema Shufaa. Halfani, ambaye ameoa siku nyingi, akashika tochi.

Shufaa akasema Bismillahi, akabonyeza. Drili ililia uani kote. Halfani akafumba macho kama anayechomwa sindano. Bati likatoka unga, tundu likafunguka, zuri la mviringo. Wakainua spoila kuijaribisha. Bolti ikaenda kukaa pembeni kabisa ya tundu.

Shufaa aliitazama paterni yake mpaka akaelewa. Mkono wake, ambao maishani haujakata paterni bila kuacha nafasi ya mshono, ulikuwa umeliachia na gari nafasi ya mshono. Pande zote! Akakaa juu ya ndoo. Gari ni lake, tundu ni lake, na mbele yake amesimama mume mwenye haki zote za kusema, "Nilikwambia." Akilisema tu, spoila itakwenda kwa Aroni, na atakayeipeleka ni mzee. Machozi yalikuwa karibu.

Halfani alimulika tundu. Akamulika karatasi. Akazima tochi.

"Mama Jaha," akasema, "imamu akisahau ndani ya swala hafungi msikiti. Anasujudu sijda ya kusahau, swala inatimia. Lete mkasi."

Shufaa alicheka mpaka ndoo ikapinduka.

Wakaipunguza paterni, wakaibandika upya, na safari hii kila bolti ikapata mlango wake. Lile tundu la makosa wakaliziba, na mguu wa spoila ukalifunika, asijue mtu. Wakapiga msasa kingo za matundu, wakapaka rangi zisishike kutu, wakazungushia silikoni, maana mvua ya Mbeya haibishi hodi. Halfani akaingiza kichwa ndani ya buti kukaza nati, tochi mdomoni, spana mkononi. Alipokaza ya mwisho, mfuniko wa buti ukaelemewa na mzigo wake mpya, ukamshukia polepole shingoni.

"Shufaaa!" akapiga ukelele. Jina hilo hakuwa amelitumia tangu Jaha azaliwe. Tumpe alicheka upande wa pili wa ua mpaka akashika ukuta.

Faraji alipomwoza binti yake, wakafunga safari tena. Ifunda walipita, Halfani akitafuna karanga na kutazama mashamba, bila kuuomba usukani. Shufaa akaliingiza gari Mlandege mwenyewe. Wageni wa harusi wakageuka kulitazama lile bawa jekundu. Faraji akatoka, akalizunguka gari, akaipapasa spoila, akapita dirisha la Shufaa na salamu nusu, akaenda mpaka la mdogo wake.

"Halfani, sasa umetoboa maisha kweli! Gari lina bawa, na dereva juu!"

Watu wakacheka. Shufaa akakaza mikono kwenye usukani. Alijua kwamba mumewe akipokea hongera hii, mbele ya ukoo mzima, gari hili halitakuwa lake tena hata afunge spoila kumi.

Halfani akafungua mlango, akashuka, akanyoosha kanzu yake taratibu.

"Kaka, aliyetoboa ni mke wangu," akasema, na akasema kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni. "Gari lake, kalinunua kwa cherehani. Na hilo bawa kalitobolea mwenyewe. Mimi nilishika tochi tu."

Faraji akamtazama mdogo wake, akalitazama gari. Kisha mzee wa watu akaanza kulizunguka upya, njia yote ile aliyokuja, mpaka akasimama kwenye dirisha la dereva.

"Shemeji," akasema, "hongera kwa gari."

Shufaa alikuwa anacheka na kulia kwa wakati mmoja.