Mama Alipokuwa Mgonjwa Wangu wa Mazoezi

Leo nimetamani kufeli.

Si mnajua wiki ijayo ni mtihani wetu wa vitendo, ule wa leseni ya unesi. Mama alikuja Kitale kutoka Bungoma kuniona, nikamfanya mgonjwa wa mazoezi. Nekesa, rumeti wangu tunayekaa chumba kimoja, akajifanya mtahini.

Nikapima presha ya Mama.

210 kwa 130.

Nekesa akacheka mpaka akashika ukuta. "Ati mtu wa presha hiyo anakunywa chai na mandazi? Bana, umefeli!"

Nikarudia. Ile ile.

Nikasema mashine imeharibika, nikajipima mwenyewe. Presha yangu iko sawa kabisa.

Bado sikuamini.

Mama naye: "Pima tena, mwanangu. Huu mkono ni wako mpaka upasi."

Nilikuwa namfunga tena kitambaa cha mashine mkononi, kikombe kikamtoka mkono ule mwingine. Mdomo ukaenda upande.

Sasa tuko wodini. Sista wa zamu amempima, akapata kama nilivyopata. Nekesa hajacheka.

Jameni, nilikuwa sahihi tangu mara ya kwanza. Kama ni wewe, ungeamini?

Mama hawezi kuongea. Kila nikisogea kitandani, ananyoosha ule mkono mzima, nipime.